Mkristo na kadi ya chama: tujifunze kwa Mwenyeheri Alberto Marvelli



Injili ya Jumapili ya leo (Mk 10:35-45) inatuletea wana wa Zebedayo, Yakobo na Yohane, wakiomba vyeo. Wanataka mmoja aketi kuume na mwingine kushoto kwa Bwana katika utukufu wake. Wale kumi wengine wanakasirika, na tusidhani wanakasirika kwa sababu ya unyenyekevu. Wanakasirika kwa kuwa wamewahiwa. Lakini tuangalie Yesu anavyofanya. Hawafukuzi wale ndugu wawili kwa sababu wametaka nafasi ya mbele. Anawaonyesha nafasi hiyo ilipo: ni kwa yule anayekubali kuwa mtumishi wa wote.

Kila ninapohubiri juu ya Injili hii namkumbuka kijana mmoja. Alikuwa kiongozi wa vijana katika parokia niliyokuwa nikiitumikia, fundi umeme, mtu ambaye kila jumuiya ilimfahamu kwa sababu taa za kila jumuiya zilipitia mikononi mwake. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, alinijia Jumamosi jioni wakati nafunga ofisi. Akaniambia wazee wa mtaa wao wamemwomba agombee uenyekiti. Akauliza: "Baba, nichukue fomu?"

Nilikuwa nimechoka, nikamjibu haraka. "Mwanangu, siasa ni mchezo mchafu. Wewe baki na vijana wako, baki na Mungu wako." Akainamisha kichwa, akasema, "Nimekuelewa, Baba," akaenda zake. Nilifunga mlango nikiamini kwamba nimeokoa roho.

Mtaa ule ukapata mwenyekiti mwingine. Haikuchukua muda, akina mama wa parokia wakaanza kuja ofisini kwangu kulalamika. Barua ya utambulisho haitoki bila kitu mkononi. Mjane ana kesi ya mpaka wa kiwanja, kila siku anaambiwa arudi kesho. Niliwaambia wasali. Mama mmoja, mtu mzima, akanitazama akasema: "Tunasali, Baba. Lakini si ungetuachia yule kijana wetu?" Sikuwa na jibu.

Leo nataka kujibu, ingawa nimechelewa. Nitajibu kwa maisha ya mlei mmoja ambaye Kanisa limemweka mbele yetu kama Mwenyeheri: Alberto Marvelli, mhandisi, mtu wa chama, na mwanzilishi wa chuo cha wananchi katika mji wake wa Rimini, kwenye pwani ya Bahari ya Adriatiki nchini Italia.

Alberto alizaliwa mjini Ferrara tarehe 21 Machi 1918. Familia yake ilihamia Rimini mwaka 1930, naye akalelewa katika oratorio ya Wasalesiani wa Don Bosco na katika Azione Cattolica, chama cha kitume cha walei. Baba yake alifariki ghafla mwaka 1933, Alberto akiwa bado kijana mdogo. Mama yake, Maria Mayr, alibaki na watoto, na bado alikuwa na desturi ya kumgawia maskini aliyebisha hodi sehemu ya chakula cha familia. Ninyi mliolelewa na mama wa namna hiyo mnajua maana yake: mtoto anajifunza mapema kwamba sahani yake si yake peke yake.

Mwaka huohuo wa 1933 alianza kuandika shajara ya maisha yake ya kiroho. Alipenda michezo, na zaidi ya yote alipenda baiskeli. Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Bologna, akahitimu mwaka 1941. Alifanya kazi katika kampuni ya Fiat mjini Torino, akaitwa jeshini, kisha akaruhusiwa kurudi kwa kuwa ndugu zake watatu walikuwa tayari vitani. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa kijana wa kazi aliyejitahidi kupokea Ekaristi kila siku, na aliyeamini kwamba Ekaristi hiyo ina jambo la kumwambia kuhusu barabara, nyumba na mkate.

Kisha vita vikafika mlangoni. Kuanzia Novemba 1943 Rimini ilipigwa mabomu kutoka angani mara kwa mara, na sehemu kubwa ya mji ikageuka vifusi. Familia ya Marvelli ilihamia Vergiano, kijiji kilicho nje ya mji. Kutoka huko Alberto alipanda baiskeli yake, akarudi kwenye vifusi kila baada ya shambulio, kutafuta majeruhi na kuwapelekea waliopoteza nyumba chakula, magodoro na mablanketi. Zimesimuliwa habari za yeye kurudi nyumbani bila viatu, kwa sababu amekutana na mtu asiye na viatu. Katika kituo cha reli cha Santarcangelo alifungua mabehewa yaliyopigwa lakiri, ambamo Wajerumani walikuwa wamewafungia watu ili wawapeleke uhamishoni, akawaachia huru. Ukikamatwa ukifanya jambo kama hilo, hukurudi nyumbani.

Hadi hapa, ndugu msomaji, hakuna kinachotushangaza. Tumezoea kusikia habari za watakatifu wanaogawa blanketi. Kinachofuata ndicho kinachotuhusu sisi tunaosema siasa ni mchezo mchafu.

Rimini ilikombolewa na majeshi ya Washirika Septemba 1944. Mji ukaunda uongozi wa muda, na waliouunda wakamtazama Alberto. Hakuwa mwanachama wa chama chochote. Hakuwa amepigana msituni. Lakini kila mtu alikuwa amemwona juu ya ile baiskeli. Akiwa na miaka 26 alikabidhiwa kazi ambayo hakuna mtu mwenye akili angeikimbilia: kusimamia masuala ya nyumba, na baadaye ujenzi mpya.

Tafakarini kazi hiyo. Maelfu ya watu wanarudi kutoka walikokimbilia, na vyumba vilivyobaki na paa havitoshi. Kila familia ina sababu ya kweli. Kila mmoja ana mgonjwa, ana mtoto mchanga, ana mama mzee. Ninyi mnaojua ugawaji wa viwanja unavyokuwa hapa kwetu mnajua vishawishi vya kazi hiyo. Ndugu atakuja usiku. Rafiki wa parokiani atakukumbusha mlivyoimba pamoja kwaya. Mwenye fedha atasahau bahasha mezani. Katika hali hiyo Alberto aliandika katika daftari lake jambo ambalo ni Injili yetu ya leo kwa ufupi: kwamba kutumikia ni bora kuliko kutumikiwa, kwa kuwa Yesu mwenyewe hutumikia.

Vyama vya siasa vilipofufuka baada ya udikteta, Alberto alijiunga na Chama cha Demokrasia ya Kikristo. Alichukua kadi. Alihudhuria mikutano. Alisimama mbele ya watu akahutubia. Hakuona kwamba anatoka kanisani na kuingia mahali ambapo Mungu hayupo. Aliiona siasa kama utumishi kwa jamii nzima, mahali ambapo imani ya mtu inaweza kuonekana kwa ukamilifu zaidi kuliko popote. Si wazo alilolitunga yeye. Papa Pius XI, alipozungumza na wanafunzi Wakatoliki wa vyuo vikuu vya Italia mwaka 1927, aliwafundisha kwamba siasa ni uwanja mpana wa mapendo, kwa sababu inagusa maslahi ya jamii yote. Ukimpa maskini mmoja mkate umempenda mtu mmoja. Ukihakikisha duka la mtaa lina mkate, na bei yake ni ya haki, umewapenda wengi usiowajua hata kwa jina.

Nasema haya nikijua kwamba Rimini ilikuwa na Wakomunisti wengi, na kwamba ushindani wa vyama siku zile ulikuwa mkali. Hata hivyo wapinzani wake walimheshimu. Waliweza kukataa chama chake bila kumkataa yeye, kwa sababu alipogawa chumba hakuuliza kadi.

Sasa tuje kwenye chuo. Mwaka 1945 askofu wake alimkabidhi uongozi wa kundi la Wakatoliki waliohitimu vyuo vikuu. Mngeweza kutegemea kwamba kundi la wasomi lingekutana, likanywa kahawa, likajadili vitabu. Alberto alikuwa na hoja nyingine. Alishika kwamba elimu isipelekwe kwa wasomi peke yao, bali kwa watu wote. Kwa hiyo akaanzisha chuo cha wananchi, mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kuja kusikiliza na kujifunza. Katika mji ambao nusu ya watu hawana paa, mtu anaanzisha chuo! Nadhani wapo waliomwona amepotoka. Mhandisi alijua kitu ambacho ninyi wazazi mnakijua: nyumba ikianguka inajengwa tena kwa miezi, lakini akili iliyonyimwa nafasi kwa miaka ishirini ya uongo wa dikteta haifunguki kwa saruji.

Na ili mtu asiseme kwamba njaa haisikii mhadhara, alifungua pia jiko la kuwalisha maskini. Aliwaalika kwanza kwenye Misa, akasali nao, kisha akasimama mezani kuwapakulia supu, na wakati wakila akawasikiliza shida zao. Alisaidia pia kuunda ushirika wa wafanyakazi wa ujenzi. Chama, chuo, jiko, ushirika: vyote vilikuwa ndani ya mtu mmoja mwenye baiskeli moja.

Sisi nasi tuna kumbukumbu zetu za chama na chuo, na tusizisahau. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Kilianzia wapi? Ndani ya jengo la TANU, katika mtaa unaoitwa Lumumba. Waliochangia chama kile wengi walikuwa wakulima, wavuvi na akina mama wauza vitumbua. Nyumba ya chama chao ikawapokea wanafunzi, ilhali wengi wao wenyewe hawakuwahi kukanyaga darasa.

Na mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yalifunguliwa madarasa ambayo wazee wetu waliyaita ngumbaru. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Alikwenda jioni baada ya shamba, na nimeambiwa kwamba mara nyingi mimi nilikuwa mgongoni mwake. Aliyemfundisha alikuwa mwanachama wa tawi la TANU kijijini kwetu, mkulima aliyeishia darasa la nane. Hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Alikuja na taa ya chemli, akaning'iniza ubao kwenye mti. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa seminari, mama alizisoma barua zangu mwenyewe. Hakuhitaji kumpa jirani azisome, ajue siri za nyumba yetu. Yule mzee sikumbuki hata mara moja kumsikia akigombea cheo. Alikuwa mtu wa chama tu, na kwake kuwa mtu wa chama kulimaanisha kwamba jirani yake asiyejua kusoma ni kazi yake.

Mbona basi mimi, mtoto wa yule mwanafunzi wa ngumbaru, nilimwambia kijana akae mbali na siasa?

Nadhani nilichanganya mambo mawili. Mimi kama padre nimekatazwa kushiriki kwa vitendo katika vyama vya siasa. Sheria ya Kanisa inasema hivyo katika kanuni ya 287, na sababu yake ni njema: padre ni baba wa nyumba yote, na watoto wake wana kadi za rangi tofauti. Nikivaa rangi ya mmoja nimewafungia mlango wengine. Lakini katazo langu silo katazo la mlei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo (Gaudium et Spes, 75), unaita siasa kazi ngumu na yenye heshima, na kuwataka wanaoifaa wajiandae kuifanya. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika mwaka 1988, katika Christifideles Laici namba 42, kwamba walei hawawezi kabisa kujivua wajibu huo. Akaongeza kwamba malalamiko ya uroho wa madaraka, ubinafsi na rushwa katika siasa hayampi Mkristo ruhusa ya kujitenga. Mimi nilimpa kijana wangu ile ruhusa ambayo Papa alisema haipo.

Tusifanye kosa la upande wa pili pia. Wapo Wakristo walioingia siasa na kuiacha Injili mlangoni kama mtu anavyoacha mwavuli. Jumapili wako kiti cha mbele, Jumatatu wanagawa fulana na elfu mbili mbili. Wapo wanaotaka jumuiya ndogondogo iwe tawi la chama chao, na wapo waumini walioacha kupeana mkono wa amani kwa sababu ya uchaguzi. Alberto hakuwa dawa ya hayo kwa sababu ya ujanja. Alikuwa amelishwa kabla ya kuanza kugawa. Sala ya kila siku, Ekaristi, daftari la kujichunguza dhamiri: vitu hivyo vilitangulia kadi. Anayetaka kuingia siasa na hana muda wa sala, namwomba kwa upendo asubiri kwanza.

Yupo pia msomaji anayesema, "Baba, mimi si wa kugombea." Vema. Yule mzee wa taa ya chemli hakugombea. Je, shule ya kata yenu ina kamati? Unahudhuria mkutano wake, au unasubiri kulaumu? Yupo mtoto wa jumuiya yenu aliyefaulu kwenda chuo na amekwama kwa nauli na godoro? Kuna kijana aliyemaliza darasa la saba ambaye angejifunza ufundi katika chuo cha maendeleo ya wananchi kama mtu angemjazia fomu tu? Mhandisi wa Rimini angeona hapo siasa na angeona hapo Injili, na asingeona mahali pa kuzitenganisha.

Jioni ya tarehe 5 Oktoba 1946, katika siku za uchaguzi wa halmashauri ya mji wa Rimini, Alberto alitoka nyumbani kwa baiskeli kuelekea kwenye shughuli za uchaguzi. Yeye mwenyewe alikuwa mgombea. Mita mia chache kutoka nyumbani, lori la kijeshi likamgonga. Alifariki saa chache baadaye bila kupata fahamu. Alikuwa na miaka 28.

Watu wa Rimini wakampigia kura hata hivyo. Walijua amekufa, na bado wakampa kura zao kama heshima ya mwisho. Kisha mama yake, yule mjane aliyekuwa akigawa chakula cha watoto wake kwa maskini, akachaguliwa kushika nafasi yake. Tarehe 5 Septemba 2004, huko Loreto, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Alberto kuwa Mwenyeheri. Kanisa halikusema ametakatifuzwa ingawa alikuwa mtu wa chama. Lilimtazama pamoja na kadi yake, mikutano yake na chuo chake, likamweka altareni.

Wiki hii nilipokuwa naandaa tafakari hii nilimpigia simu yule fundi umeme. Sasa ni baba wa watoto wawili. Nilimwambia kwamba jibu nililompa ile Jumamosi halikuwa jibu la Kanisa. Lilikuwa jibu la padre aliyechoka, na ninamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, nikasikia mtoto akilia nyuma yake. Kisha akasema, "Baba, acha nizungumze na mama watoto." Nikamwambia hilo ndilo neno la kwanza la kiongozi. Sikumuuliza ni chama gani, wala sitamuuliza.

Ninachowaomba ninyi ni kwamba kijana wa namna hiyo akija kwenye jumuiya yenu, msimpe jibu langu. Mpokeeni, mwulizeni anasali, mwulizeni anataka kumfanyia nini yule mjane mwenye kesi ya mpaka. Akiwajibu vizuri, mshikeni mkono.

Mwenyeheri Alberto Marvelli, utuombee. Nawatakieni Jumapili njema.